Moyo wa Namba Saba

Uvumi ulianzia Chanika, ukapanda basi, ukashukia Mkata kwenye meza za mahindi ya kuchoma. Ulipomfikia Tatu ukamganda. Walisema zile fulana za mazoezi, ambazo kampuni ya Dar iliwagawia mabinti wakimbiaji, zina kidude kinachosoma tumbo. Binti akiwa na mimba, hata iwe changa vipi, kidude kinawaka, na watu wa kampuni wanamvua fulana mchana kweupe wenzake wakimtazama. Walisema yupo mmoja wa Chanika kesharudishwa kwao. Ukiuliza ni nani, kila mtu anakutajia jina tofauti.

Kidude hakisomi tumbo. Kinasoma moyo. Lakini hilo Tatu alilijua akiwa ameshachelewa, na ndiyo maana Jumamosi iliyopita mlilikunja gazeti mkamwacha amesimama pembeni ya uwanja wa Korogwe, jasho linamshuka mgongoni, na kocha Semboja anamwambia:

"Mama Yusra, mchukue binti yako mrudi Mkata. Moyo wake una kasoro, mashine imeonyesha. Asikimbie tena. Hata kuku asimkimbize."

Mama yeyote angelia. Tatu hakulia. Kitu kilichompata kilikuwa kibaya kuliko kilio. Alipata nafuu. Moyo wa mwanawe ulikuwa mzima, na yeye ndiye pekee aliyejua.

Maana moyo uliosomwa haukuwa wa Yusra.

Kwa uliyelikosa gazeti, sikiliza. Kiangazi cha Mkata maji ni ya kugombania, na mwenye simtanki ndiye anayewafulia wenzake. Tatu alikuwa nalo. Janeth, jirani yake na mwenzake wa mezani pale stendi, hakuwa nalo. Kwa hiyo fulana ya Yusra, namba saba, na fulana ya Lea, binti wa Janeth, namba tisa, zilifuliwa beseni moja uani kwa Tatu. Kidude kimeshonewa ndani ya fulana, hakitoki, hakiogopi maji. Namba iko nje, kwenye kitambaa.

Siku moja fulana zikiwa kambani, Tatu akachukua wembe na sindano. Akafumua saba, akafumua tisa. Akashona saba mahali pa tisa, na tisa mahali pa saba.

Kuanzia hapo Yusra akavaa kidude cha Lea, na Lea akavaa cha Yusra. Mashine haikujua. Mashine inajua inachoambiwa.

Sasa mashine inasema namba saba ni mbovu. Na kidude cha saba kiko kifuani kwa Lea. Na Lea yuko pale kwenye mstari, ameinama, anafunga kamba za viatu.

Yusra akaja akiwa na fulana yake ya shule tu. Ile ya kampuni walikuwa wameshamvua, wakaitupa kwenye boksi. Macho yalikuwa yamevimba.

"Mama, wamenivua mbele ya watu."

"Nyamaza."

"Mimi siumwi, mama. Sijawahi hata kuhema vibaya."

"Najua."

"Unajuaje?"

Tatu akageuza uso.

Upande wa pili, Janeth alikuwa amekaa juu ya kitenge chake, mwavuli begani, chupa ya uji pembeni. Alipomwona Tatu akasogea kumpa nafasi.

"Njoo ukae, shoga. Pole. Nimesikia." Akamshika mkono. "Mungu hampi mja vyote. Umenifulia mwanangu nguo kiangazi kizima kama wa kwako. Leo Lea akishinda, tumeshinda wote. Na asiposhinda, tutasema ni sabuni yako."

Akacheka. Tatu akajaribu kucheka, meno yakatoka, sauti haikutoka.

Hapo ndipo alipotakiwa kusema. Nafasi ilikuwa hapo, juu ya kile kitenge. Lakini alipiga hesabu za mama mwenye woga. Akisema, Yusra anaitwa mdanganyifu na harudi tena kambini. Akisema, Janeth hatamtazama usoni mpaka kaburini. Asiposema, je? Lea kakimbia wiki zote hizi na hicho kidude, hajafa. Leo atakufaje?

Akakaa. Akakubali kikombe cha uji.

Kocha Semboja akapita na filimbi shingoni, akasimama kumpoza. "Usihuzunike sana, mama. Shukuru imeonekana. Kuna mgeni mmoja daktari alipita jana, akautazama ule mchoro. Kasema mwenye moyo huu akikimbia mbio ndefu ni sawa na lori kushuka mlima wa Soni bila breki. Linaweza kushuka salama mara kumi. Ile ya kumi na moja unaokota vyuma."

Kikombe kikamtoka Tatu mkononi.

"Umeungua?" Janeth akauliza.

Tatu alikuwa ameshasimama.

Chini ya turubai walikaa wageni wa kampuni, maji ya chupa mbele yao, na runinga kubwa kama mlango. Clinton, kijana wa Dar mwenye hiyo mashine, alikuwa anawaeleza huku ameshika kishikwambi mkononi. Alisema mashine yake inaweza kumjua bingwa kabla bingwa hajajijua. Alisema haina upendeleo, haijui mtoto wa nani ni nani. Alisema ushahidi wataona leo kwa macho yao, kupitia namba tisa.

"Clinton, mwanangu."

"Shikamoo, mama." Alisema bila kugeuka.

"Marahaba. Simamisha hizi mbio."

Sasa akageuka. Akamshika kiwiko kwa adabu na kumtoa nje ya turubai, tabasamu likiwa bado mdomoni kwa ajili ya wageni. "Kuna nini?"

"Moyo mbovu si wa Yusra. Ni wa Lea. Namba zimekosewa."

"Nani kakosea?"

"Mimi."

Akamweleza yote kwa sauti ya chini, wembe, sindano, kamba ya nguo. Clinton alisikiliza huku anatikisa kichwa polepole, kama mtu anayesikiliza wimbo anaoujua.

"Mama yangu," akasema, "mashine haina wivu. Mwenye wivu ni binadamu. Wa kwako kakataliwa, sasa unaona bora na wa jirani akataliwe."

"Naapa."

"Kila siku naapiwa. Yule mama wa Magoma aliapa mwanawe ana miaka kumi na tano, ana ndevu." Akamwita kocha. "Mgosi, njoo umtoe mama huyu, ameelemewa."

Filimbi ikalia. Wasichana wakaondoka mstarini, vumbi jekundu likawafuata.

Mgeni mmoja akapaza sauti kutoka ndani. "Clinton, mbona mstari wa namba tisa haupo?"

Runinga ilikuwa nyeusi upande wa tisa. Clinton akaangalia kishikwambi. Tisa imelala, kimya, kama kitu kilichotupwa kwenye boksi. Na chini yake, saba inakimbia. Saba iliyovuliwa. Saba ambayo mwenye nayo kasimama hapa, mikono mitupu, anajifuta machozi kwa kiganja.

Rangi ya saba ilikuwa ya machungwa, ikawa nyekundu.

Clinton akamtazama Yusra. Akautazama uwanja. Akamtazama Tatu, na kwa mara ya kwanza siku ile hakukuwa na tabasamu.

Alijua. Tatu aliona kwamba anajua.

"Umeona," Tatu akasema.

"Mtandao wa Korogwe, jamani," Clinton akawapigia wageni kelele huku akicheka. "Umelala kidogo. Nauamsha."

Kidole chake kikapapasa kioo, kikabonyeza. Runinga ikawaka. Mstari wa kijani ukatokea, unapanda na kushuka vizuri kama vilima. Juu yake pameandikwa tisa, na jina la Lea. Wageni wakapiga makofi.

Yusra akamshika mama yake upindo wa khanga.

"Mama. Ile si ya leo."

"Nini?"

"Pale mstari ulipodondoka. Ni juzi mazoezini, Lea alipoishiwa pumzi, mwalimu akatukalisha wote wawili kivulini. Sasa hivi mbona Lea hajakaa? Yule pale anakimbia."

Mtoto hakujua alichosema, lakini mama yake alijua. Moyo uliokuwa unaonyeshwa wageni ulikuwa wa Yusra, umekopwa siku zilizopita, umeandikwa jina la mwenzake. Mwenye jina alikuwa uwanjani anakimbia na moyo wake mwenyewe, na moyo huo hakuna aliyekuwa anautazama.

"Simamisha," Tatu akasema. "Umeona kwa macho yako. Simamisha."

Clinton akasogea karibu sana. "Hawa watu wakiondoka na picha mbaya, hakuna mtoto wa Handeni atakayepewa tena hata soksi. Mizunguko imebaki michache. Anamaliza, anapumzika, kesho tunampeleka kupimwa kimyakimya. Unataka nini zaidi?"

Halafu akakilaza kishikwambi juu ya meza, kioo chini.

Tatu akakimbilia kwa Semboja. Mama wa makamo, kandambili moja imekatika, anakimbia pembeni ya mbio za watoto. Watu wakaanza kumcheka. Mmoja akasema huyu naye apewe namba.

"Mwalimu, piga filimbi. Saba ni Lea. Niliwabadilisha mimi."

Semboja hakushtuka. Hilo ndilo lililomtisha Tatu zaidi. Alimtazama tu kama mtu aliyeletewa mzigo aliokuwa anausubiri.

"Nilijiuliza," akasema. "Yusra nakimbia naye kila siku, hahemi. Lea ndiye aliyekuwa anashika kifua. Nikasema labda macho yangu yamezeeka."

"Uliona, ukanyamaza?"

"Saba haikuanza kuwaka jana, mama. Iliwaka siku nyingi. Nikimwambia Clinton anasema kidude kimelegea, anafuta. Inawaka tena, anafuta tena. Anasema ushahidi mchafu unaharibu ushahidi safi. Safari hii yule daktari alichungulia kabla hajafuta, ndipo ikabidi mtu arudishwe."

"Na wewe ukakaa kimya wiki zote hizo?"

"Na wewe ulishona."

Wasichana wakapita mbele yao, Lea wa tatu, mdomo wazi, midomo imepauka kama aliyelamba majivu.

"Piga filimbi, baba. Nakuomba."

Semboja akaishika. Akaileta mpaka mdomoni. Akatazama turubai, akamwona Clinton anamtazama. Ana watoto wanne na kazi moja. Filimbi ikashuka tena kifuani.

"Mwite mama yake," akasema. "Mama akimwita mwanawe, hakuna wa kumlaumu."

Tatu akarudi kwenye kitenge. Sasa hakuwa na pumzi ya kupamba maneno.

"Mama Lea, mwite mwanao atoke. Moyo mbovu ni wake. Nilibadilisha namba nilipokuwa nafua."

Janeth aliendelea kutabasamu kidogo, tabasamu likiwa halijapata habari. "Ulibadilisha nini?"

"Namba. Nilifumua nikashona upya. Ya Lea kwa Yusra, ya Yusra kwa Lea."

"Kwa nini?"

Jamani, swali dogo kama hilo.

"Nilisikia kidude kinasoma mimba."

Janeth akakunja mwavuli. Akaukunja vizuri, akaufunga kwa kamba yake, akauweka chini. Halafu akasema taratibu:

"Kwa hiyo uliogopa Yusra ana mimba."

"Alionekana na kijana wa bodaboda. Watu walisema. Nilikuwa na wasiwasi tu."

"Na ukataka mimba ya mwanao isomeke kwa Lea wangu."

"Nilijua Lea hana, Lea ni mtoto wa kwaya..."

"Ukataka Lea wangu ndiye avuliwe nguo hapa. Mimi nikuamini na nguo za mwanangu, wewe unamshonea aibu."

Nyuma ya Tatu kuna mtu alikuwa amesimama. Hakuhitaji kugeuka kujua ni nani.

"Mama," Yusra akasema. Sauti ilikuwa ndogo. "Uliniuliza, nikakwambia hapana. Nikakuapia. Ukaniambia umeniamini."

Tatu akanyoosha mkono. Yusra akarudi nyuma hatua moja.

"Shoga, nitukane baadaye," Tatu akasema kwa Janeth. "Nipige baadaye. Sasa mwite Lea."

"Nimwite ili mwanao arudishwe?" Janeth akasimama. Sasa watu wote wa upande ule walikuwa wanasikiliza. "Wachawi wa zamani walitembea na tunguri. Wa siku hizi wana sindano. Mwaona huyu? Mwanawe kashindwa, anataka wangu azimwe. Na atazimwa kwa lipi, wakati kwenye runinga pale moyo wake uko kijani kama mgomba?"

Akaigeukia mbio. Akaweka viganja mdomoni. Na sauti ile ambayo ingemtoa mwanawe uwanjani, akaitumia kumsukuma.

"Lea, ongeza. Ongeza mama, wanakuonea wivu."

Akapiga vigelegele. Wanawake wengine wakamjibu, kwa kumkomoa Tatu.

Lea alisikia sauti ya mama yake. Mtoto gani asiyesikia? Akainua magoti. Akampita wa pili. Kwenye kona ya mwisho akampita wa kwanza, kichwa kimelala begani, macho yanatazama kitu ambacho wengine hawakioni. Akakata utepe kwa kifua.

Turubai lote likasimama kupiga makofi. Clinton alikumbatiana na mgeni.

Lea akatembea polepole, mikono kiunoni. Akacheka. Akampungia mama yake. Janeth akamgeukia Tatu mbele za watu.

"Haya. Kafa?"

Watu wakacheka. Kuna aliyecheka mpaka akapiga paja.

Lea akainama, kama anayeokota kitu kwenye majani. Hakuinuka.

Kicheko kikakatika vipandevipande, kwa huyu kikaisha, kwa yule kikaendelea, mpaka Janeth peke yake ndiye aliyekuwa bado na meno nje. Halafu akakimbia.

Semboja alifika, akapiga magoti, akaikata fulana kwa mkasi wa huduma ya kwanza na kuanza kukandamiza kifua. Alikuwa analia na kuhesabu. Clinton naye alifika mbio. Hakuangalia uso wa mtoto. Alikuwa anatafuta kwa macho kwenye majani ilipoangukia fulana.

Tatu aliiona kabla yake. Akaiokota, akaikunja na kuifunga ndani ya khanga, tumboni, kama mama anayeficha pesa ya mchango.

Lea akapakiwa kwenye gari la wageni. Kiatu kimoja kilibaki uwanjani.

Uwanja wa hospitali ulikuwa na benchi moja na watu wengi. Tatu hakukaa. Yusra alikaa chini, mbali, amempa mama yake mgongo. Janeth alikuwa ndani na hakuna aliyetoka kusema lolote.

Clinton akaja kwa miguu, peke yake. Gari lake aliliacha nje ya geti, limewashwa.

"Pole, mama."

Tatu akaishika khanga yake.

"Unajua ulichoshika hapo?" Aliongea kwa upole, kama mtu anayemfundisha mtoto kula. "Hicho kidude kinakumbuka kila pigo. Kikisomwa, kitasema mtoto alikuwa mgonjwa na kuna watu walijua. Mimi nimo. Semboja yumo. Lakini kabla ya kufika kwangu, mtu ataitazama ile namba. Atauona uzi. Uzi wa nani ule?"

Tatu akaikaza khanga tumboni.

"Mimi nitasema nilidanganywa. Nitasema mashine yangu ilisoma sawa, ikaonya sawa, ila kuna mama alibadilisha namba na mtoto wa watu akaanguka. Nina wakili. Wewe una nani?"

"Nenda zako."

"Nipe, niende zangu. Uzi haupo, sindano haipo, mtoto alianguka kama watoto wanavyoanguka." Akamtazama Yusra pale chini. "Na yule nimeuona moyo wake. Wageni wameupenda bila kujua ni wake. Kesho anarudi kambini. Mwisho wa mwezi yuko shule ya michezo. Nakuahidi."

Yusra alikuwa ameshageuka. Alisikia. Akatikisa kichwa, mara moja, polepole, akimtazama mama yake machoni kwa mara ya kwanza tangu uwanjani. Usimpe.

Tatu alimwona. Tatu alimwelewa. Lakini woga una mikono yake. Mkono ukaingia ndani ya khanga, ukatoka na fulana, ikiwa bado na jasho la Lea, na ukainyoosha mbele.

Clinton aliipokea bila kusema asante. Geti likafunguka, gari likaondoka kuelekea Segera, na barabara ya Dar ikalimeza.

"Mama," Yusra akasema. "Umefanya nini?"

Kabla hajajibiwa, mlango wa wodi ukafunguka. Janeth akatoka. Khanga ya kichwani ilikuwa imemwanguka, hakujua. Mkononi alikuwa na kiatu kimoja cha Lea. Akaangaza macho kwenye benchi, kwenye ukuta, mpaka akampata Tatu. Akamwendea moja kwa moja.

Tatu alikaza shavu kupokea kofi.

Kofi halikuja. Janeth akampigia magoti.

"Yu hai," akasema. "Yu hai, shoga. Moyo unasimama, unarudi. Daktari anasema magonjwa ya namna hii yako mawili, dawa ya mmoja ni sumu ya mwingine, na hajui ampe ipi. Kaniuliza kama kuna kitu kilichokuwa kinausoma moyo pale alipoanguka. Kasema aletewe sasa hivi, hana muda."

Akafuta pua kwa mgongo wa mkono.

"Semboja kaniambia fulana uliiokota wewe. Nilikutukana mbele za watu, mama Yusra. Nilikuita mchawi. Nisamehe. Ulikuja kuniambia, sikukusikia." Akanyoosha kiganja. "Nipe fulana ya mwanangu."

Wewe mama unayelisoma gazeti hili, labda binti yako naye kaletewa fulana, au saa ya mkononi, au mkanda wa kufunga kifuani, na umeambiwa ni maendeleo. Inawezekana ni kweli. Lakini kabla hujalikunja gazeti, yaepuke haya:

Usimvalishe mtoto kitu ambacho hujaelezwa kinasoma nini, anayesoma ni nani, na akiona baya atakwambia lini.

Usikubali kwa sababu jirani kakubali.

Usimwamini anayesema mashine haikosei. Muulize yakitoka yasiyompendeza huwa anayafanya nini.

Usimuulize mwanao swali kisha ukaenda kuchukua jibu stendi.

Usifumue, usishone, usibadilishe. Ukiogopa, mvue mtoto mrudi nyumbani, hakuna aliyekufa kwa kutokimbia.

Usimpelekee mtoto wa mwenzio balaa unalolikimbizia wa kwako.

Usiseme, mbona kakimbia siku zote hajafa.

Usinywe uji wa mtu huku neno lake umelikalia.

Na ukishaambiwa, hata na unayemchukia, mwite mtoto kwanza. Ugomvi utaukuta.

Usitoe fulana.